Cherehani ya Huruma

Cherehani ya huruma haishoni. Mmemsikia muuza vitumbua akimwambia mwenzake, mkacheka, kisha mkaja kuuliza ni cherehani gani hiyo. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi, na ilianza na uvumi.

Huko Lungwani, kwenye bonde la mpunga, zilizuka habari kwamba kuna watu wanapita vijijini kuwachukua watoto wenye ulemavu. Wazazi wanaambiwa watoto wanakwenda kufundishwa kazi, kumbe wakifika barabara kuu wanakalishwa kando na kopo mbele yao, na jioni kopo linabebwa na mtu mwingine. Nani aliona? Hakuna. Kila mmoja aliambiwa na shemeji yake. Lakini Kresensia aliyasikia maneno hayo kisimani asubuhi, na hadi jua linakwenda kutua yalikuwa yameshahamia kichwani mwake na vyombo vyao vyote.

Alikuwa na sababu. Nyumbani alikuwa na binti yake, Severina, aliyepooza miguu tangu utotoni. Severina alisoma hadi darasa la saba akienda shule kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendeshwa kwa mikono. Ilipoharibika hakumngoja mtu. Alikaa chini barazani, akaifungua, akaifunga, na mikono yake ikawa na nguvu kama ya mtwanga mpunga. Sasa alikuwa msichana mkubwa, na wenzake walikuwa wameshapata kazi au waume. Yeye alipata pole. Kila aliyepita pale nyumbani alimpa pole, hata siku ambazo hakuna kilichomuuma.

Wakati ule ule wa uvumi, fundi baiskeli wa njia panda, mzee mmoja aitwaye Otmari, alituma ujumbe. Alisema amemwona Severina akinyoosha gurudumu lake, na kama anapenda, aje wafanye kazi pamoja.

"Hapo njia panda," Kresensia aliuliza, "si kando ya barabara?"

"Ndipo baiskeli zinapopita, mama," Severina alisema.

"Basi huendi."

Severina alibishana, akanuna, akasusa chakula mchana. Kresensia alikula peke yake, wala hakukisikia ladha. Moyo wake ulikuwa unaliona kopo.

Kwa hiyo kina mama wa jumuiya walipokuja kumwambia kwamba wameamua kumsaidia mtoto, Kresensia alishusha pumzi. Mwenyekiti wao, Mama Edigna, alikuwa mama mwenye sauti na moyo mkubwa, na sauti ilitangulia. Walikuwa wamejinyima muda mrefu, wakauza maandazi na karanga baada ya misa, wakanunua cherehani. Ilikuja juu ya mkokoteni, imefungwa kitenge, na ngoma na vigelegele mbele na nyuma. Severina aliwekewa mkono juu ya gurudumu la pembeni la cherehani, watu wakapiga makofi, wakala wali, wakaenda zao. Kresensia alilala usingizi mtamu. Mwanawe atafanya kazi ndani ya nyumba, mbele ya macho yake.

Asubuhi Severina alivutwa hadi kwenye kiti. Akatandaza kitambaa, akapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Kisha akatazama chini. Kresensia naye akatazama chini.

Ilikuwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu.

Msishangae. Katika wale wote walioinunua, walioibeba na walioichezea ngoma, hakuna aliyekumbuka. Kijijini kwetu mtu mwenye ulemavu na cherehani vilikwenda pamoja kama ugali na mboga, na hakuna aliyejiuliza nani kasema.

"Tutaweza," Kresensia alisema haraka. "Wewe shona, mimi nitakanyaga."

Akaburuta kigoda, akakaa upande wa pili, akaingiza miguu yake chini ya meza. Ilikuwa kazi ya kuchekesha kama isingekuwa ya kusikitisha. Severina akisema taratibu, mama anakwenda mbio. Akisema simama, mguu umeshakwenda. Mara nyingine gurudumu lilirudi nyuma na uzi ukajiviringisha ukawa kama kiota. Mama Edigna aliwaletea gauni lake la sare ya jumuiya, liwe la kwanza, na mkono mmoja wa gauni ukashonwa ukafungwa kabisa, mtu hawezi kupitisha hata kidole.

Hapo mpunga ulikuwa umeanza kuiva. Nao mpunga ukianza kuiva, kila nyumba inatoa mtu wa kwenda kuamia ndege shambani kuanzia alfajiri, apige debe na kurusha udongo. Ukikosa kwenda, ndege hawakuulizi habari za nyumbani. Kresensia alikuwa na jozi moja tu ya miguu. Ikiwa chini ya cherehani, shambani hakuna mtu. Siku alipoponyoka kwenda kutazama, alikuta upande mzima wa shamba umesimama na mabua matupu. Aliinua sketi, akapiga debe, akalia kidogo, akapiga debe tena.

Aliporudi nyumbani kiti cha cherehani kilikuwa wazi. Baiskeli ya magurudumu matatu haipo.

Alikwenda njia panda kwa miguu ile ile iliyochoka, nusu anatembea nusu anakimbia. Akiwa bado mbali akamwona. Severina amekaa chini juu ya mkeka, kando ya barabara. Mbele yake pana kopo. Mwanamume mmoja akashuka kwenye baiskeli, akainama, akatumbukiza kitu ndani ya kopo. Kikalia.

Kresensia hakukumbuka baadaye alivyofika. Alilipiga kopo teke, likaruka, na vyuma vikamwagika barabarani: vipande vya spoku, zile nyaya ngumu za gurudumu, vilivyokatika na kupinda, pamoja na nati ndogo za kuzibania. Yule mwenye baiskeli alisimama na mdomo wazi. Alikuwa ametumbukiza spoku yake iliyovunjika, ili apimiwe nyingine ya urefu ule ule.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama," alisema Otmari, akitoka kibandani ameshika kiuno.

Kresensia hakuitikia. "Umemuweka mwanangu barabarani."

"Nimemuweka kwenye kazi. Barabara ilikuwepo kabla yetu."

"Kwa nini yeye? Vijana wote hawa wenye miguu, kwa nini umtafute yeye?"

"Kwa sababu kunyoosha gurudumu ni kukaa chini tangu asubuhi, na vijana wenye miguu hawakai. Mimi mwenyewe mgongo umekataa. Huyu anakaa, na mkono wake una subira." Akanyoosha kidole. "Nilining'iniza magurudumu juu, akaniambia nishushe, nikashusha. Akaniambia mkeka ni mwembamba, nikaongeza gunia. Kesho akisema kingine, nitasikia. Sikumuita kwa huruma, mama. Nina kazi inanishinda."

Kresensia alimgeukia bintiye. Severina alikuwa anaokota spoku moja moja, amekasirika, na mikono yake imejaa grisi hadi viwikoni.

"Choo kiko wapi?" Kresensia aliuliza.

"Nyuma ya kibanda, hakina ngazi," Severina alijibu. "Nimeshakikagua."

"Mvua ikinyesha?"

"Mzee ana turubai."

"Na malipo utapewa mkononi wewe, au ataniletea mimi?"

"Mkononi mwangu, mama. Kama fundi."

Kresensia alichuchumaa, akaanza kuokota naye. Spoku ya mwisho ikarudi koponi. Kisha akasema, "Milele amina," na Otmari akacheka hadi akashika kiuno tena.

Mpunga uliobaki uliamiwa vizuri. Haukuwa mwingi, lakini uliingia ndani, na Severina alikuwa anarudi jioni na chumvi, mafuta na sabuni alizonunua mwenyewe. Pole zilipungua. Watu walianza kumsalimia kwa kumlaumu: fundi, ringi yangu umesema leo, mbona bado?

Ndipo Mama Edigna alipokuja kulifuata gauni lake. Alikuta cherehani pembeni na kuku ametaga juu ya kanyagio.

"Tulijinyima," alisema, na ile sauti yake kubwa ilikuwa imekuwa ndogo. "Tuliuza maandazi juani. Mtoto, ndiyo shukrani hii?"

Kresensia alifungua mdomo kuomba radhi, lakini Severina alitangulia.

"Nawashukuru, mama, na nitawashukuru hadi nizeeke. Lakini cherehani ya huruma haishoni. Miguu yake ni ya mama yangu, na mama yangu ana shamba. Mngeniuliza, ningewaambia."

Mama Edigna alitazama kuku, akatazama kanyagio, akaitazama miguu ya Severina kama ndiyo kwanza anaiona. Kisha akakaa chini, akajifunika uso kwa upande wa kanga, na mabega yakaanza kutikisika. Walidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Nilicheza ngoma," alisema. "Mimi ndiye niliyecheza mbele ya mkokoteni."

Jirani palikuwa na msichana kiziwi, Agata, na mmoja wa kina mama wa jumuiya akasema cherehani apewe yeye. "Ngojeni," Mama Edigna alisema. "Aulizwe kwanza." Wakaenda, wakamuuliza kwa ishara za nyumbani kwao. Agata akakataa kwa kichwa, akaonyesha mabata yake. Alitaka waya wa kuzungushia banda. Akapata waya. Cherehani akaichukua dada mmoja aliyekuwa anaililia siku zote, na yeye ndiye aliyeufumua ule mkono wa gauni.

Sasa nanyi mtakuwa wazazi na majirani, kwa hiyo sikieni ya kuepuka. Msimchagulie mtu kazi akiwa amekaa hapo hapo na mdomo anao. Msitazame kiungo kilichokosekana mkasahau vilivyopo. Msimfungie mwana ndani kwa ajili ya neno la kisimani. Nendeni mkaone kwa macho, muulize choo kiko wapi na malipo anashika nani. Msimpe mtu kazi ambayo lazima mwingine amfanyie. Na msicheze ngoma kabla hamjatazama chini ya meza.

Cherehani ya huruma haishoni.