Wavu Uliomrudisha Zuhura

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali ya juzijuzi tu, alikuwako Korogwe mwanamke aitwaye Mwanakombo. Aliishi na baba yake Mzee Mbelwa, mdogo wake Kibwana, na wifi yake Mashavu, mke wa Kibwana. Humo ndani alikuwamo pia Zuhura, binti wa hao wawili, mtoto asiyejua kutembea ila kuruka.

Hoteli alimokuwa akipika Mwanakombo ilipofungwa, aliagwa kwa zawadi ya trampolini, kile kitanda kikubwa cha duara cha kurukia watoto. Springi nzima, turubai zima. Wavu wa kukizunguka haukuwapo.

Kikawekwa uani. Upande huu ukuta, upande ule ngazi ya saruji. Mwanakombo akaitazama ngazi, akamtazama Zuhura, akasema, "Haruki mtu hapa mpaka pazungushiwe wavu."

Watoto wa mtaa wakalia. Majirani wakacheka, "Umeleta mchezo au umeleta gereza?" Hata Mzee Mbelwa akaguna, "Sisi tuliruka kutoka juu ya mapagala. Nani alituwekea wavu?"

Mwanakombo akakipindua kitanda miguu juu, akaingia zake jikoni. Zuhura akagoma kumwamkia. Asubuhi akapita kimya, jioni akapita kimya. "Shangazi ana roho mbaya," akawaambia wenzake. Mwanakombo akasikia, akaumia, lakini kitanda akakiacha vile vile, miguu juu.

Kibwana alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Akamwonea dada yake huruma. Akakisimamisha kitanda tena, akakata mabomba, akayachomelea kwenye miguu ya kitanda yakawa nguzo, akayavika sponji la godoro kuukuu ili kichwa cha mtoto kisikutane na chuma. Mashavu naye alilelewa kwenye mashamba ya katani, akizijua kamba zake tangu utoto. Akasokota, akafunga fundo, akavuta. Akafunga fundo, akavuta. Vidole vikachubuka, akavipaka mafuta ya nazi, akafunga fundo, akavuta, mpaka wavu ukapita kimo cha mumewe.

"Sasa turuke!" wakapiga kelele watoto.

"Bado," akasema Mwanakombo. Akapanda kitandani na nusu gunia la mahindi, akalirusha kwenye wavu kwa nguvu zake zote. Mafundo yakashika, lakini nguzo moja ikainama.

"Dada, sasa umezidi!" Kibwana akafoka. "Nani ana mtoto mzito kama gunia?"

"Rudia."

Kibwana akaichomelea nguzo upya, amenuna. Gunia likarushwa tena. Safari hii likarudi na kumwangusha Mwanakombo chali. Akacheka pale pale alipoangukia. "Rukeni, wanangu!"

Wakaruka, ua ukajaa watazamaji. Zuhura akaruka juu kuliko wote, akapinda hewani, akaenda kichwa mbele, moja kwa moja kuelekea ngazi ya saruji. Mashavu akapiga yowe. Wavu ukatuna, nguzo zikanesa, mtoto akarudishwa katikati, mzima, akicheka. "Tena, shangazi! Tena!"

Majirani wale wale wakapiga vigelegele. Mwanakombo akasimama mikono kiunoni, kifua kimemjaa.

Siku hiyo akachinjwa kuku. Mzee Mbelwa akaletewa firigisi, maana firigisi ni ya mwenye nyumba, tena haikatwi vipande. Akaitazama, asiile. "Leo si yangu," akasema. "Ni ya aliyemwokoa mjukuu wangu."

Kibwana akanyoosha mkono. "Basi nipe mimi, baba. Wavu bila nguzo ni kanga iliyoanguka chini. Uzito wote wa mtoto ulibebwa na chuma changu."

"Mume wangu," akasema Mashavu, "kati ya nguzo zako anapita ng'ombe. Yaliyomdaka ni mafundo yangu. Baba mkwe, tazama vidole hivi. Zuhura nilimzaa, na leo nimemzaa tena."

Mwanakombo alitaka kunyamaza, lakini fahari ikamshinda. "Mimi sikuchomelea, wala sikufunga fundo hata moja. Nilisema hapana, peke yangu, mtaa mzima ukisema ndiyo, na mtoto nimpendaye akininunia. Ningelegea, hizo nguzo na huo wavu vingekuja baada ya matanga. Na ile nguzo iliyoinama, nani aliigundua?"

Kibwana akausogeza mkono karibu na sahani. Mashavu akatazama chini, lakini mkono hakuushusha. Mzee Mbelwa akawatazama mmoja mmoja, sahani mkononi, firigisi ikipoa.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, ipokeeni sahani hiyo. Je, firigisi mngempa nani?