Kisima Kiitwe cha Nani?

Sikilizeni, na mwenye jibu alizuie kinywani kwanza.

Katika kijiji cha Mwambakuu walikuwepo watu watatu. Mize alijua kusoma mwamba. Faki akilaza sikio juu ya jiwe, husikia maji yakipita chini. Shaame alikuwa na mikono isiyoshindwa na jiwe.

Ila mikono hiyohiyo ndiyo iliyokiua kisima cha marehemu baba yake. Alitamani maji mengi, akatoboa udongo mwekundu wa chini, chumvi ikapanda. Kila akipita pale hukumbuka wanawake wakiteka na kutaniana, na chai ya mama yake isiyo na ladha ya bahari. "Mungu anisamehe," husema, "ni tamaa yangu."

Walipoazimia kuchimba kisima kipya, Mize akampeleka Shaame kwenye genge la pwani. "Tazama, kaka: matumbawe, udongo mwekundu, kisha matumbawe tena. Marehemu baba yangu alifunzwa na wapima miamba aliowabebea vyombo. Zamani sana, nchi za mbali zilifunikwa na barafu iliyoyanywa maji ya bahari. Bahari ikashuka, hapa pakawa pakavu, udongo ukajilaza. Barafu ikayeyuka, bahari ikarudi, ikajenga matumbawe juu yake. Maji matamu hukaa juu ya ule mwekundu. Ukiufikia, acha!"

"Nami nilidhani bahari imetulia tangu kuumbwa!"

"Wewe mwenyewe hutulii, itakuwa bahari?"

Faki naye alizunguka mawe yote, akiinama na kusikiliza, hadi akasimama katikati ya shamba la muhogo. "Wallahi, ni hapa."

"Si kishamba cha marehemu mama yako?" aliuliza Shaame.

"Basi muhogo utaliwa mapema." Akaung'oa wote kwa mkono wake.

Shaame akachimba mpaka viganja vikachubuka. Udongo mwekundu ukatokea, maji yakamfika vifundoni. Mikono ikamwasha, ikataka pigo moja tu zaidi. Akairusha sururu juu. "Ishikeni, isije ikanishinda tena!"

Kulipokucha maji yalikuwa kiunoni, matamu kama ya zamani. Bibi mmoja alionja, akalia, kisha akaanza kumtania shoga yake.

Sasa, desturi ya Mwambakuu ni kisima kuitwa kwa jina la marehemu mmoja tu, na kila anywaye humwombea.

"Bila elimu ya baba yangu mngekunywa chumvi," alisema Mize.

"Mama hakuacha kingine duniani ila kishamba kile," alisema Faki.

Shaame aliendelea kulainisha saruji ya ukingo. Ni yeye aliyemkatia baba yake dua za wanywaji, angeombaje jina lake liandikwe?

Saruji ya ukingo ingali mbichi, msumari wa kuandikia uko tayari. Enyi wasikilizaji, mngeandika jina la nani? Na yeyote mtakayemchagua, tafadhali, waombeeni na wale marehemu wawili wengine.