Pimbi na Jina la Mwenyewe

—Paukwa.
—Pakawa.
—Mnaitika kama mmelazimishwa. Paukwa.
—Pakawa!
—Palikuwa na msitu, na msitu ukaingia mtandao.
—Nani akaula, nani akaliwa?
—Kaeni vizuri basi.

Zamani za juzijuzi, wanyama wote walikuwa na tovuti. Twiga alikuwa na tovuti, Kobe alikuwa na tovuti, hata Kupe alikuwa nayo, ingawa hakuna aliyejua anauza nini. Kila tovuti ilikuwa na jina, na majina yote yalitunzwa na Kasuku, Msajili Mkuu, aliyekaa na kompyuta yake juu ya mvule. Ukiandika jina kwenye simu, Kasuku ndiye anayekuonyesha pa kwenda. Akisema kushoto, unakwenda kushoto. Msitu mzima ulimwamini, na kwa kweli haukuwa na namna nyingine.

Pimbi alikuwa mnyama mdogo, mjane mwenye watoto, anaishi kwenye jabali na kuuza chumvi ya mawe. Tovuti yake iliitwa Chumvi ya Pimbi. Swala akiagiza, anapata chumvi safi. Nyati akiagiza, anapata chumvi safi. Wao wanamletea matunda, watoto wanakula. Hakuwa na kitu kingine duniani ila hilo jina, na lilikuwa jina zuri.

Chini mtoni aliishi Kiboko. Naye alikuwa na tovuti yake, Kivuko cha Kiboko: unaagiza, anakuvusha, unamlipa majani mabichi. Alikuwa anashiba, lakini hatosheki. Akimwona Swala anapita na chumvi yake, roho inamuuma. Siku moja akachukua simu, kri kri kri, kwa Kasuku.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mwenyewe."

Sauti ilikuwa nzito, ikatetemesha kompyuta. Kasuku akakaa sawa. Kazini kwake alijua sheria moja tu: kitu ni cha mwenyewe.

"Shikamoo, mwenyewe. Nikusaidie nini?"

"Jina la Chumvi ya Pimbi lilete huku mtoni."

"Huku mtoni," Kasuku akarudia. Tk. Jina likahama.

Kuanzia hapo Swala akiandika Chumvi ya Pimbi, anapelekwa mtoni. Nyati akiandika, anapelekwa mtoni. Kiboko akapokea matunda, nyam nyam nyam, akawafungia tope kwenye majani. Swala akalamba, ptu. Nyati akalamba, ptu. Msitu mzima ukasema, "Pimbi siku hizi anauza tope."

Watoto wa Pimbi wakalala njaa. Njaa ilimuuma Pimbi, lakini hilo neno tope lilimuuma zaidi. "Jina langu litarudi," akasema, akapanda mvule, kwaru kwaru kwaru, mpaka juu.

"Msajili, jina langu limeibwa."

"Haliwezi kuibwa, mama. Mfumo wetu ni salama. Lilihamishwa na mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi."

"Mwenyewe nimeongea naye. Ana sauti ya mwenyewe hasa. Wewe na hako kasauti kako, umwenyewe utautoa wapi?"

Pimbi akashuka. Kesho yake akapanda tena, akashuka. Akapanda na watoto, akashuka nao. "Jina langu litarudi," akasema, na kucha zimemwisha kwa magome. Akakaa, akafikiri. Kisha akapanda mara nyingine, safari hii anatabasamu.

"Msajili, nimekuja kusajili jina jipya."

"Jina gani?"

"Mwenyewe."

Kasuku akatafuta kwenye kompyuta, tk tk tk. "Jina hili halina mwenyewe."

"Basi sasa linaye. Andika hapo: Mwenyewe, kwenye jabali."

"Mwenyewe, kwenye jabali," Kasuku akarudia. Tk.

Pimbi akashuka mbio hadi mtoni, akasimama mbali na meno. "Bwana Kiboko, wewe kula tu. Nasikia huko juu Msajili anauliza kila jina ni la nani, na asiyejibu ananyang'anywa."

Kiboko akakurupuka, maji chubwi. Akashika simu, kri kri kri.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Mwenyewe."

"Shikamoo, mwenyewe. Unasemaje?"

"Nimesikia unaulizauliza. Jina la Chumvi ya Pimbi ni la mwenyewe. Liwe kwa mwenyewe, na likae kwa mwenyewe."

Kasuku akamtafuta Mwenyewe kwenye kompyuta. Yupo, kwenye jabali. "Kwa mwenyewe," akarudia. Tk. Jina likarudi nyumbani.

Kiboko angenyamaza hapo, angepona. Hakunyamaza. "Na Kivuko cha Kiboko nacho ni cha mwenyewe. Vyote ni vya mwenyewe, umesikia?"

"Nimesikia." Tk.

Asubuhi Kiboko akangoja majani yake. Hayakuja. Akangoja abiria. Hawakuja, wote walikuwa wamepelekwa jabalini. Akapiga simu.

"Kivuko changu kiko wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Mwenyewe si ndiye mimi?"

"Mimi nani?"

"Mwenyewe, bwana."

"Basi kipo kwa mwenyewe, kwenye jabali."

Akapiga tena, akajibiwa vilevile. Akapiga na kupiga mpaka salio likamwishia.

Ikabidi atoke majini, aende jabalini kwa miguu, anahema, jua linamkausha ngozi. Akafika, akasimama chini.

"Hodi."

"Nani?" Pimbi akauliza kutoka juu.

Kiboko akafungua mdomo aseme mwenyewe, akaufunga. "Kiboko," akasema taratibu.

"Unataka nini, Kiboko?"

"Jina langu."

"Hata mimi nilikuwa nalitaka langu. Limerudi na tope. Lisafishe kwanza."

Kiboko akatisha. Akabembeleza. Akalia. Pimbi hakusogea. "Lisafishe," akasema, na jua likazidi kuwaka. Mwishowe Kiboko akaligeukia bonde, akanguruma kwa sauti ileile nzito, "Pimbi hakuuza tope. Tope lilikuwa langu. Mwizi ni mimi."

"Mimi nani?" msitu mzima ukauliza.

"Mimi Kiboko."

Swala akasikia. Nyati akasikia. Jioni ile kapu la kwanza la matunda likafika jabalini, na watoto wa Pimbi wakala mpaka wakasinzia. Pimbi akawatazama kwa furaha, kisha akampigia Kasuku, akamrudishia Kiboko kivuko chake. Lile jina la Mwenyewe hakulirudisha. Analo mpaka leo.

Nami nimefika ukingoni. Hadithi ikiwa tamu, ni yenu nyote. Ikiwa mbaya, mtafuteni mwenyewe.

—Na funzo je?

—Funzo ni kwamba ofisi ya majina haikosei. Kasuku alipandishwa cheo. Kwa hiyo nanyi mkigongewa mlango, mkauliza nani, mkajibiwa "mimi", fungueni tu. Mradi sauti iwe nzito.