Neno Lililofutwa Ukurasani

Mwanamke mmoja wa Kyela, jina lake Subilaga, alikuwa na duka mtandaoni pamoja na mdogo wake wa tumbo moja. Yeye aliuza vikapu, mdogo wake Tusekile aliuza mikeka, na duka lilikuwa moja. Kisha Tusekile akaolewa Tukuyu, akafungua duka lake mwenyewe, akaihamishia mikeka huko. Waliagana vizuri. Lakini Subilaga alipoona watu wanavyoisifia ile mikeka, wivu ulimwingia, wala hakuufukuza. Kila mdogo wake aliposifiwa, yeye aliona anasemwa.

Sasa, wateja wengi walikuwa bado na anwani ya zamani kwenye simu zao. Wakiigusa, wanafika kwa Subilaga, pale palipokuwa na mikeka, wanakuta patupu. Fundi wa duka, Ambakisye, akaandaa ukurasa wa kuwapokea hao waliopotea. Akaandika: Mikeka haipo hapa. Chini yake akaacha nafasi ya jina la Tusekile, ili wateja waelekezwe kwake, kisha akamwonyesha mwenye duka.

Subilaga aliusoma mara mbili. Alijua fika mikeka ilipo. Hata siku ile alikuwa amekalia mmoja, zawadi ya mdogo wake.

“Hilo neno ‘hapa’, lifute,” akasema. “Andika haipo, inatosha.”

Alijiambia hajasema uongo, maana dukani kwake kweli haikuwepo.

Basi watu wakaja, wakasoma, wakaamini kwamba mikeka ya Tusekile imekwisha, wakaenda zao. Mwaka haukuisha, Tusekile akalifunga duka kwa kukosa wanunuzi. Habari ilipomfikia dada yake, nisiwafiche, alifurahi. Siku hiyo alipika kama sikukuu.

Mwezi uliofuata vikapu vyake navyo vikadoda. Hakuna aliyeuliza hata bei. Akamwita Ambakisye, akidhani duka limeharibika. Fundi akachunguza, akamweleza kwamba duka ni zima; ila wateja wake karibu wote walikuwa wakiingilia mlango mmoja, na mlango huo sasa umefungwa. Ulikuwa ukurasa wa kupokea waliopotea kama ule wake, ila huu ulikuwa dukani kwa Tusekile. Kila aliyetafuta kikapu kule alikuta maneno haya: Vikapu havipo hapa. Vipo kwa dada yangu Subilaga. Gusa jina lake, atakupokea.

Fundi alipoondoka, Subilaga alichukua simu akaigusa anwani ya mdogo wake. Simu ikasitasita kidogo, kisha ikamletea neno moja tu: Haipo.

Nanyi mnaonisikiliza, aliyepotea akibisha kwenu, ni neno gani mnalomficha?