Maziwa Yenye Hamu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mji, mjini nyumba, nyumbani mama, na mikononi mwa mama hapana mtu.

Basi sogeeni. Wewe mwenye kikohozi kaa mbele, uniamshe nikisinzia.

Hapo kale paliondokea Tabibu. Alisoma, akasafiri, akasoma tena, akarudi na kilemba kikubwa hata mlangoni akipita ubavu. (Hata mimi nimesafiri, ila nilichorudi nacho ni kitambi.) Mwanamke akiumwa kichwa, Tabibu husema: ni kucheka sana. Akiumwa mgongo: ni kufikiri sana. Asipoumwa kitu: hiyo ndiyo hatari, alale. Na wanawake wakalala.

Mjini humo alikuwapo Somoe. Aliomba mtoto miaka na miaka, hata majirani wakachoka kumwombea. Kisha akajifungua mwana wa kiume. Akamwona uso, akaona kidoti cheusi sikioni, basi. Tabibu akaingia, akatonesha maziwa ya Somoe juu ya ukucha wa kidole gumba, akauinamisha juani, akaguna.

"Maziwa haya yana hamu. Mama amemtamani mno mtoto huyu, na hamu imeyachemsha. Akinyonya ataungua utumbo. Nitamlea kwangu kwa maziwa ya mbuzi, mpaka arubaini itoke na hamu ipoe."

Mume wa Somoe alikuwa mtu mwema, ila mbele ya kilemba ulimi wake hulala. Akasema, "Hewala."

Mtoto akachukuliwa. Nyumba ya Tabibu ilikuwa ng'ambo ya ukuta tu. Mtoto akilia kule, maziwa hutiririka huku. Somoe akakunja kanga ikawa kama mtoto, akaipakata, akaikunjua. Kanga haina uzito wa mtu.

Akaenda mlangoni. "Tabibu, hamu imepoa."

Tabibu akatonesha, akaguna. "Bado. Kunywa siki."

Akanywa siki, akarudi. Tabibu akatonesha, akaguna. "Bado. Kaa chumba cha giza."

Akakaa gizani, akarudi. Tabibu akatonesha, akaguna. "Bado. Na usimwimbie. Sauti yako inapenya ukutani."

"Basi nifanye nini?"

"Usimtamani."

"Na dawa ya hilo ni ipi, Tabibu?"

"Mgonjwa haulizwi uji," akasema, akafunga mlango.

Sasa, mkamuaji wa mbuzi wa Tabibu alikuwa Riziki, wifi yake Somoe, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili. Asubuhi moja akaja na kibuyu kwapani.

"Wifi, mwanao anatapika. Amebaki shingo. Na mbuzi mwenyewe amekauka, hana hata tone la kumhadaa paka."

"Umemwambia Tabibu?"

"Nimwambie mimi? Atasema mbuzi anafikiri sana."

Wakacheka. Kisha Somoe akalia. Kisha akakitazama kibuyu.

"Kitupu hicho?"

"Kitupu."

"Kilete."

Tangu hapo, kila asubuhi Riziki alipitia mlango wa uani wa Somoe na kibuyu chepesi, akatoka nacho kizito. Na kila asubuhi Tabibu alitonesha ukuchani, akainamisha juani, akatabasamu.

"Haya ndiyo maziwa. Hayana hamu hata chembe. Raha ya mbuzi, hana mawazo."

"Hana, Tabibu," akasema Riziki, akaangalia juu.

Mtoto akanenepa. Somoe akawa mpishi wa karamu asiyoalikwa.

"Leo amecheka," Riziki akamwambia.

"Amecheka vipi?"

Riziki, na uso wake ule mpana kama ungo, akajaribu kucheka kitoto.

"Tena," akasema Somoe. "Wifi, tena."

Arubaini ikatoka. Tabibu akaukusanya mji uwanjani, mtoto mkononi, mbuzi kambani.

"Mtazameni alivyonona. Tangu leo kila mtoto atalelewa hivi, na mama zao watangoja." Wenye mimba wakashika matumbo. "Riziki, kamua waone."

Riziki akakamua. Kavu. Akakamua. Kavu. Mara ya tatu mbuzi akageuka, akambeulia Tabibu midomo.

"Amekauka siku nyingi huyu," akasema Riziki.

"Basi mtoto alikuwa akinywa nini?" akauliza Tabibu.

Hapo mtoto akalia. Na kanga ya Somoe ikaanza kulowa kifuani, huku na huku, mbele ya macho ya watu wote. Hakujifunika. Akatembea moja kwa moja hadi kwa Tabibu.

"Yenye hamu," akasema. "Yote." Akanyoosha mikono.

Tabibu akautazama ukucha wake. Ukucha haukusema kitu. Akamtoa mtoto.

Lakini mtoto alizoea kijiko, ziwa hakulijua. Akageuza uso. Somoe akamwimbia wimbo uliokatazwa, taratibu, mpaka akashika.

Kabla jua halijatua Tabibu alitangaza ugunduzi mpya: maziwa ya mama yanafaa, mradi mama aelekee kaskazini. Wanawake wakasema, "Hewala, Tabibu," na hakuna aliyeuliza kaskazini ni wapi.

Mtoto akakua, akaota ndevu, akaoa. Na kila akija kumwamkia mama yake, Somoe humshika lile sikio lenye kidoti, akakawia kuliachia.

"Mama, una nini?"

"Niache kidogo, baba. Ziko siku sikukushika."

Hadithi yangu imefika ukutani, haipenyi. Ikiwa tamu, mpelekeeni mama. Ikiwa chungu, mpelekeeni Tabibu, aitoneshe ukuchani.