Bundi Aliyefunga Mdomo

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mna njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walishikwa na tumbo. Tumbo, tumbo, kutwa kucha. Watoto wa Swala walilegea. Ndama wa Kiboko alilegea. Hata Fisi, mla mifupa, alilala chali akilia, "Uwii, mama yangu!"

Wakaulizana, "Nani katuroga?"

Fisi akaropoka, "Ni Bundi! Kila akilia 'huu, huu', kukicha kuna mgonjwa. Ahame leo!"

Mama Bundi alikuwa ameatamia mayai. Akihama, mayai yatapoa, wanawe watakufa. Akajikaza, akasema, "Jamani, tujaribu kwanza. Nafunga mdomo hadi mwezi uandame. Ugonjwa ukikoma, nahama mwenyewe."

Akanyamaza. Jii! Na tumbo? Tumbo likazidi.

"Basi si sauti yangu," akasema Bundi. "Niambieni, nani hajaugua?"

"Nungunungu," akajibu Swala. "Yeye na wanawe, wazima wote."

"Ndiye mchawi!" akaruka Fisi.

"Tulia wewe!" akasema Bundi. "Nungunungu anakunywa wapi?"

"Juu, peke yake," akajibu Swala. Maana bonde lile lilikuwa na desturi yake. Mzee Kiboko ndiye wa kwanza mtoni. Anaoga, anajisaidia humo humo, pwaa! Ndipo wengine wanakunywa chini yake, kwa heshima. Lakini Nungunungu walikuwa wamemfukuza kwa sababu ya miiba yake, akawa anakunywa juu kabisa, maji yanapotoka mwambani.

"Anayetaka, akanywe juu," akasema Bundi. "Asiyetaka, abaki. Tutalinganisha."

Swala akapanda na wanawe. Kiboko akakoroma, "Mimi, ninywe kwa Nungunungu?" Akabaki, na Fisi akabaki naye.

Haukupita muda, watoto wa Swala wakaanza kuruka, tip, tip, tip! Huku chini, ni kilio tu. Kiboko akawatazama wale, akamtazama ndama wake aliyekuwa hoi. Chozi likamdondoka.

"Heshima gani hii inayoniulia mtoto?"

Akamsukuma ndama kwa pua, polepole, hadi mwambani. Ndama akanywa, na siku zilivyokwenda akasimama, akacheza. Kiboko akanguruma bonde zima likasikia: "Kuanzia leo, kunywa juu, kuoga chini! Na mwenye haja, kichakani!"

Vigelegele! Nungunungu akatangulizwa mbele. Fisi akaja mkia umelala. "Mama Bundi, nisamehe."

"Kanywe kwanza, mwanangu. Utaomba msamaha ukiwa na nguvu."

Tumbo likakoma. Nalo ganda la yai likapasuka, ko! Likafuata jingine, ko! Bundi akafungua mdomo, "Huu, huu!" na bonde zima likamwitikia kwa shangwe.

Ndugu zangu, kabla hujamnyooshea mwenzako kidole, chunguza, jaribu, linganisha. Ukweli ukionekana, ufuate, hata kama ni mkubwa wako anayepaswa kubadili desturi.

Hadithi yangu inaishia hapo. Mwenye kiu akanywe, ila aangalie kwanza nani anaoga juu yake.