Betri za Mzee Eti

Wahenga hawakusema kwamba fimbo ya mbali ni mbovu. Huenda ni ngumu, imenyooka, tena ya mti bora kuliko kijiti kilicho miguuni pako. Walichosema ni kwamba nyoka hangoji uifuate. Mzee Eti aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila kuijua methali hakumzuii mtu kuumwa.

Jina la Eti alipewa na majirani, kwa kuwa kila alipoambiwa neno alijibu, "Eti?" Miaka thelathini kando ya mitambo ya kiwanda cha uchapaji ilikuwa imemla masikio. La kushoto lilikuwa pambo tu. La kulia lilisikia kwa msaada wa kifaa chenye betri ndogo kama punje ya dengu. Tangu afiwe na mkewe aliishi peke yake ghorofa ya tatu, na betri aliagiziwa na mwanawe aliyekuwa ughaibuni, kutoka duka la mtandaoni.

Jumapili moja betri ya mwisho ilikata roho, dunia ikanyamaza. Ilichagua wakati mbaya kweli. Kaka yake, ndugu wa pekee wa tumbo moja aliyebaki, alikuwa amelazwa mji wa mbali akiugua koo, na Ijumaa madaktari wangemtoa zoloto. Angepona, lakini hangesema tena maishani. Alikuwa ametuma ujumbe: "Mdogo wangu, nitakupigia kabla ya upasuaji. Kuna neno nataka ulisikie kwa sauti yangu."

Mzee akamwandikia mwanawe, naye akajibu papo hapo: "Baba, usihangaike kutoka. Nimeshaagiza. Wameahidi ndani ya siku mbili mzigo uko mlangoni."

Siku mbili zikapita. Simu ilionyesha kwamba mzigo uko njiani, na njia yenyewe haikuwa na mwisho. Mzee hakuthubutu kushuka hata kununua mkate, maana duka lilionya kwamba asipokutwa mzigo utarudishwa. Akashindia chai kavu.

Jumatano jioni ukaja ujumbe mwingine. Mhudumu alifika, ulisema, akabisha hodi, hakuna aliyefungua. Mzee aliusoma mara tatu. Kutwa nzima alikuwa ameketi hatua nne kutoka mlangoni. Mwenye masikio yake angetukana, yeye alijilaumu. Aliamini kwamba mtu wa watu amegonga mpaka vidole vikamuuma, na yeye yupo ndani ametulia kama gogo.

Basi Alhamisi akasogeza kiti, akaegemeza kiganja kwenye ubao wa mlango ili ausikie mtikisiko. Alikaa hivyo mpaka mkono ukafa ganzi. Mlango haukutikisika. Siku hiyo aliuona upweke kuliko siku ya kumzika mkewe, kwa maana siku ile angalau nyumba ilijaa watu.

Ijumaa asubuhi simu ikawaka jina la kaka yake. Akaipokea, akaibana sikioni, asiambulie kitu.

"Kaka, sisikii," akasema. "Ngoja kidogo. Betri zinakuja leo."

Akaiweka mbele ya macho, akatazama sekunde zikihesabika, zikawa dakika, zikawa dakika tisa. Alijua kaka anaongea. Kisha simu ikazimika.

Hapo uvumilivu ukamshinda, akashuka. Mlangoni pa jengo aliketi mama muuza matunda. Akamuuliza kama Jumatano alimwona mtu wa mizigo. Mama akamsogelea ili aisome midomo yake.

"Mzee wangu, mimi sibanduki hapa. Wiki nzima hajapita mtu wa mzigo."

Akamwomba arudie. Akarudia. Mzee akafungua kiganja, akamwonyesha betri iliyokufa. Mama akaacha matunda yake. Alimshika mkono, akamvusha barabara hadi kwa fundi saa, ambaye kibanda chake kilitazamana na dirisha la mzee. Fundi akavuta droo, akatoa betri ya namna ileile, akaipachika kwenye kifaa.

"Mbona hukuja, mzee?" akauliza fundi. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoyasikia wiki ile.

Palepale akapiga simu. Akapokea shemeji yake, mke wa kaka.

"Shemeji, wamemwingiza chumba cha upasuaji sasa hivi."

"Alikuwa akiniambia nini?"

"Sijui. Alinitoa nje. Nilimwona kwa kioo tu, anaongea, anacheka, anafuta machozi. Alijua humsikii."

Mzigo ulifika Jumatano iliyofuata, umefungwa vizuri, betri zenyewe za hali ya juu. Kaka yake alipopata nafuu, mzee alimwandikia amweleze lile neno. Jibu lilikuja la mstari mmoja: "Lile haliandikiki, mdogo wangu." Akalisoma, akaiweka simu mezani, akaketi akisikiliza nyumba isiyo na mtu. Kweli, fimbo ya mbali haiui nyoka.